Bei ya Matanga

Jumatatu moja asubuhi jirani yangu alibandika kwenye kioo cha chumba chake karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: FOTOKOPI BOB 1, yaani shilingi moja. Niliisoma mara tatu nikiwa nimeshika ufunguo wangu. Kisha nikafungua, nikawasha mashine, na wakati mashine inapata joto nikapiga hesabu ambayo sikuhitaji hata kalamu kuipiga. Rimu ya karatasi, ile ya bei ya chini kabisa katika maduka ya jumla, ilikuwa shilingi mia sita na hamsini. Rimu ina karatasi mia tano. Kwa hiyo karatasi tupu, kabla wino haujaigusa, ilikuwa shilingi moja na senti thelathini. Jirani alikuwa anampa kila mteja senti thelathini, halafu anamwongezea wino, umeme na kodi ya chumba bure.

Tuko ghorofa ya kwanza ya jengo la zamani katikati ya jiji. Hapo kale palikuwa na ofisi moja kubwa. Mwenye jengo akaigawa kwa mbao na vioo, zikatoka stoli kumi na nne, nyembamba kama kabati. Stoli yangu inatazamana na ya jirani, na korido iliyo kati yetu ni ya hatua mbili. Nikikohoa ananiambia pole. Akiongea na simu najua ni nani anaumwa kwao Ukambani. Wote wawili tunafanya kazi ile ile: fotokopi, kuchapa barua, kupiga picha za pasipoti, kuweka vitabu vya wanafunzi majalada. Kwa miaka mingi bei ya fotokopi kwetu sote ilikuwa shilingi tatu. Hakuna aliyewahi kuipanga. Ilikuwa tu bei ya korido ile.

Ni vizuri niseme mapema jambo lililokuwa linaninyima utulivu. Mkataba wa stoli yangu ulikuwa unaisha baada ya miezi mitatu, na mwenye jengo ana utaratibu mmoja: anayetaka kubaki hulipa kodi ya miezi mitatu kwa pamoja siku ya kutia sahihi. Kodi hiyo kwangu ilitoka kwenye fotokopi. Ikiwa karatasi ile ingebaki kwenye kioo cha jirani kwa miezi mitatu, ningetoka humo ndani baada ya miaka kumi na minne, na kwa umri wangu sikuona mahali pengine ambapo ningeanza.

Sikumaliza kidato cha pili. Nilichojua nilikipata kwa kusoma kile ninachokitolea nakala. Mwanafunzi wa uuguzi akileta kitabu, mimi napata kurasa mbili za figo. Fundi akileta mchoro, namwuliza mstari huu wa nukta unamaanisha nini. Lakini walio wengi ni mawakili na wanafunzi wa sheria, maana mahakama haziko mbali, na kwa miaka hiyo yote nimesoma mashauri mengi kuliko watu wengi walioyalipia karo. Nina kanuni zangu. Sisomi barua ya mtu binafsi, sisomi karatasi za hospitali, sisomi wosia. Mengine yote ninayasoma, na nikienda nyumbani naandika kwenye daftari. Ndiyo sababu korido nzima huniita Wakili, wengine kwa heshima, wengine kwa kunichokoza.

Siku ya tatu nilivuka korido kununua fotokopi kwa jirani.

"Wakili," aliniambia kabla sijafungua mdomo, "umekuja kununua ama kupeleleza?"

"Kununua."

"Basi toa bob."

Nikatoa. Akanitolea nakala ya kitambulisho changu, akaipunga hewani kidogo ili ipoe, akanipa. Karatasi ilikuwa nzuri, nzito kuliko yangu. Nilikuwa nimejiambia kwamba labda amepata karatasi mbovu kwa bei ya kutupa. Dhana hiyo ikaanguka hapo hapo.

"Karatasi nzuri," nikasema.

"Sana. Unataka nyingine? Leo mimi ni tajiri."

Wanafunzi watano waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mmoja akasema, "Mathe ametuokoa!" Sikucheka. Nilimwuliza kwa sauti ya chini, "Mama, hii bei utaiweza mpaka lini?"

Alinitazama. Ni mwanamke aliyenizidi miaka miwili au mitatu, na miwani yake huikalisha kwenye paji la uso. Kabla ya jengo hili alikuwa akipiga taipu kwenye meza ndogo barazani karibu na mahakama, na ni yeye aliyenifundisha, mwaka wangu wa kwanza, jinsi ya kutoa karatasi iliyokwama bila kukwaruza silinda ya ndani. Alinishika mkono wangu akauongoza.

"Mpaka wewe uache kuniuliza," alisema. Akamgeukia mwanafunzi. "Leta, kijana wangu. Ngapi?"

Nilipoanza kukosa utulivu, miguu ndiyo iliyonipeleka. Naishi upande wa Dagoretti, na jioni zile niliacha kupanda gari. Nilifuata Barabara ya Ngong kwa miguu, nikapita vitalu vya miche na mafundi wa viti vya mbao, nikapita Jamhuri, na muda wote nilikuwa napanga sababu kwa namba. Moja, labda amepata karatasi za wizi. Mbili, labda halipii umeme. Tatu, labda kuna mtu mkubwa nyuma yake anayetaka ghorofa yote. Nikifika nyumbani nilikuwa nimezifuta zote. Karatasi alinunua duka lile lile ninalonunua mimi. Niliona muhuri kwenye boksi. Mita zetu za umeme zimepangwa ukutani pamoja, na yake ilizunguka kama kichaa. Mtu mkubwa sikumwona. Nilimwona yeye tu, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, amesimama kwenye mashine anagawa pesa yake shilingi kwa shilingi.

Mke wangu hupika katika shule moja Muthangari na huondoka nyumbani mapema. Asubuhi moja alinikuta mezani nimeshaoga, nimeshavaa, sijagusa chai.

"Unamwogopa yule mama?" aliniuliza.

"Anafanya jambo ambalo halina hesabu."

"Watu hawafanyi mambo kwa hesabu zako." Akafunga kitambaa kichwani. "Mwulize umemkosea nini."

Nilimwambia sijamkosea kitu. Nilisema kwa uhakika wa mtu aliyepitia daftari lake.

Badala ya kuuliza, nikasoma sheria. Mwaka uliotangulia mwanafunzi mmoja alikuwa ameleta sheria ya ushindani wa biashara, yote, na kama kawaida nilijitolea nakala yangu kwa gharama yangu. Niliisoma mara ya pili, safari hii kwa penseli. Nilichokielewa ni kwamba mtu mwenye nguvu ya kutawala soko hatakiwi kuitumia nguvu hiyo kuwafukuza wengine, na kwamba bei isiyo ya haki ni mojawapo ya njia za kufanya hivyo. Niliposoma "kutawala soko" nikaiona foleni ya jirani ikishuka ngazi hadi barabarani. Nikaona nimepata.

Lalamiko langu lilikuwa na kurasa saba na viambatisho vitatu. Kiambatisho cha kwanza kilikuwa picha ya ile karatasi ya kwenye kioo. Cha pili kilikuwa hesabu ya gharama ya nakala moja: karatasi, wino, umeme, kodi, uchakavu wa mashine, jumla shilingi mbili na senti ishirini. Cha tatu kilikuwa orodha ya bei zangu zote pamoja na gharama ya kila kazi, ili anayesoma aone kwamba mlalamikaji ni mtu wazi. Katika orodha hiyo niliandika mstari huu: Programu za mazishi, kurasa nane, rangi. Gharama shilingi 42. Bei shilingi 25. Chini ya gharama kwa hiari.

Mstari huo una historia. Mama yangu alizikwa nyumbani magharibi nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Hatukuwa na programu, kile kijitabu chenye ratiba ya ibada na wasifu wa marehemu. Palikuwa na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono, na mchungaji alipoisoma mbele ya watu akakosea mwaka aliozaliwa mama, akampunguzia miaka kumi, na hakuna aliyesimama kumsahihisha kwa sababu hakuna aliyekuwa na nakala ya kutazama. Baadhi ya majirani wanaendelea kuutaja mwaka ule wa makosa mpaka leo. Kwa hiyo nilipopata mashine ya rangi, miaka mitano kabla ya haya ninayoyasimulia, niliamua kwamba aliyefiwa hatalipa faida kwangu, wala kodi, wala saa zangu. Atalipa karatasi na wino tu. Mwanzoni ilikuwa kwa watu wa kwetu, ambao kamati zao za matanga hukutana mjini baada ya kazi kuchanga nauli ya mwili na jeneza. Mweka hazina wa kamati moja akaiita bei ya matanga. Jina likashika. Baadaye nilimpa bei hiyo yeyote aliyekuja na picha ya marehemu, wa kutoka popote, kwa sababu sikuona haki ya kuuliza mtu aliyefiwa kwao ni wapi. Fotokopi za wanafunzi zilifidia. Nilijivunia jambo hilo kuliko kitu kingine chochote nilichokuwa nimefanya katika chumba kile.

Nilipeleka lalamiko mwenyewe kwa mamlaka ya ushindani. Ofisi iko kwenye ghorofa ya juu, ina zulia, na watu huongea polepole. Nilisubiri kiasi, kisha nikaitwa na afisa msichana, pengine wa miaka thelathini, aliyesoma kurasa zote saba mbele yangu bila kuruka. Kwa hilo nitamheshimu daima.

"Mzee," alisema, "umesomea sheria wapi?"

"Kwenye mashine."

Akatabasamu kidogo. "Umeandika vizuri kuliko kampuni zingine. Lakini nikuulize. Huyu mama ana mashine ngapi?"

"Mbili."

"Na wewe?"

"Mbili. Moja ya rangi."

"Na katika barabara yenu tu, watu wa fotokopi ni wangapi?"

Niliwahi kuwahesabu. "Thelathini na mmoja."

"Sasa yeye anatawala nini? Ukichukua nyinyi wawili mkaunganishwa, hamtawali hata ghorofa yenu." Alisema bila dharau. "Sheria haisemi kuuza kwa hasara ni kosa. Mtu ana ruhusa ya kuuza kitu chake kwa hasara mpaka afilisike. Inakuwa kosa akiwa mkubwa kiasi kwamba soko halina pengine pa kukimbilia. Ninyi mteja akikosa kwako anatembea hatua kumi."

"Kwa hiyo anaweza kunifukuza, na ni halali."

"Anaweza kujaribu." Kisha akageuza ukurasa, akaweka kidole. "Na hii nayo ni nini?"

Kidole kilikuwa kwenye kiambatisho cha tatu. Nilimweleza bei ya matanga. Nilimweleza kwa fahari, nadhani hata nilikaa wima.

"Na huyo jirani hachapi programu?"

"Alikuwa anachapa."

"Kwa ngapi?"

"Hamsini na tano. Ndiyo bei ya haki, ukiweka kila kitu."

"Na sasa?"

Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho kuona picha ya marehemu ikitoka kwenye mashine ya jirani, na sikukumbuka.

"Mzee," afisa akasema, "kama ningekuwa na sheria ya kumshika yeye, ningeanza na wewe. Umemtangulia miaka mitano, na ushahidi umeniletea mwenyewe na sahihi." Alizirudisha kurasa zangu ndani ya bahasha, akazinyoosha kingo. "Na nikuambie kitu kingine, kwa sababu naona unasoma. Usirudi huko mkakaa chini mkapatana bei. Hiyo sasa ndiyo kosa. Washindani wakikubaliana bei, hatuulizi kama ni wadogo ama wakubwa."

Nilishuka kwa ngazi. Lifti ilikuwepo lakini nisingeweza kusimama ndani ya kitu kilichofungwa. Nilizunguka katikati ya jiji kwa muda mrefu, nikapita mitaa ambayo sikuwa na shughuli nayo, nikasimama mbele ya maduka ya viatu bila kuona viatu. Jambo moja lilikuwa limerudi, na halikutaka kwenda.

Mwaka mmoja au miwili nyuma, walikuja wazee watatu na mwanamke mmoja wakiwa na flashi na picha ya marehemu mwenye kofia. Walisimama kwanza kwa jirani. Waliongea Kikamba, waliamkiana kwa majina, alimshika yule mwanamke mikono yote miwili. Kisha mmoja wa wale wazee akaona kibao changu kidogo cha bei ya matanga, akaja akauliza, akarudi kuwaambia wenzake. Wakavuka wote wanne. Niliwachapia mia mbili. Jirani alikaa kwenye kiti chake akitazama mashine yangu ikitoa picha ile ya kofia, moja baada ya nyingine, na jioni tulipokuwa tunafunga alicheka akaniambia, "Wakili, hata wa kwetu wamekuja kwako." Nilicheka pia. Nilimjibu, nakumbuka neno kwa neno, "Kifo hakina kabila, Mama." Nilidhani tumeelewana.

Nilirudi jengoni saa tisa alasiri. Foleni yake ilikuwa fupi, wanafunzi walikuwa darasani. Nilisimama mlangoni kwake.

"Yule mzee wa kwenye picha, mwenye kofia," nikasema. "Alikuwa nani kwako?"

Hakujifanya hajui nasema nini. Alizima mashine kwanza.

"Kaka wa marehemu mume wangu."

Hakungoja niseme kitu.

"Programu ndizo zilikuwa zinanilipia karo ya mwanangu huyu wa chuo. Programu mbili kwa mwezi, tatu, nilikuwa sawa. Fotokopi ni ya kununua sabuni. Wewe ukaanza. Nikasema huyu atachoka, atahesabu, si anapenda kuhesabu. Hukuchoka. Mwaka wa kwanza, wa pili. Nikapunguza hadi hamsini, nikapunguza hadi arobaini na tano. Wewe ishirini na tano. Mimi niende wapi?"

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Wacha kusaidia waliofiwa?" Alicheka, lakini kwa pua tu. "Mtu akinipiga kwa ubaya najua la kufanya. Napiga kelele, watu wanakuja. Wewe ulinipiga kwa huruma, Wakili. Ukipita hapa watu wanasema huyu mzee ana roho safi. Ningekushtaki kwa nani, kwa Mungu?"

"Kwa hiyo hii ya bob moja…"

"Hii nayo ni huruma. Nahurumia wanafunzi." Akaivuta miwani kutoka kwenye paji, akaivaa, akanitazama kupitia humo. "Sasa umejua vile inakuwa. Nina akiba ya miezi miwili. Wewe?"

"Miwili na nusu," nikasema. Nilisema ukweli bila kufikiri. Wote wawili tukabaki tukiitazama ile nusu.

Ilinijia kumwambia hapo hapo: rudisha yako tatu, nami nitapandisha programu. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Kisha nikakumbuka zulia na kile kidole. Nilijua kifungu kilipo kwenye nakala yangu, upande gani wa ukurasa. Ni ajabu jinsi mtu anavyoweza kutii kitu hata akiwa peke yake na mtu mwingine mmoja katika chumba cha vioo. Kuangamizana kulikuwa halali. Kupatana ndiko kulikokuwa kosa. Niliaga nikavuka korido.

Sikulala vizuri siku zile, lakini uamuzi sikuufanya kitandani. Niliufanya nikiwa natembea, mahali fulani kabla ya Jamhuri, na niliufanya kwa upande wangu tu, kwa sababu upande wangu ndio niliokuwa na haki nao. Nilijiambia kwamba kosa langu halikuwa kusaidia. Lilikuwa kuweka msaada ndani ya bei, mahali ambapo hakuna anayeuona kuwa ni msaada isipokuwa yule unaomuumiza. Mchango una mahali pake. Kila kamati ya matanga ina daftari la michango, na kila anayechanga jina lake husomwa. Mimi kwa miaka mitano sikuwa nimesomwa hata mara moja, nikadhani huo ni unyenyekevu.

Wiki iliyofuata alikuja mweka hazina, yule yule aliyeipa bei ile jina lake. Ni mwanamke wa kwetu, karani katika ofisi ya serikali, na hutembea kana kwamba jengo ni lake.

"Ndugu yetu, salamu," alisema, akaweka flashi kwenye meza yangu. "Tumepatwa tena. Mwalimu mstaafu. Mia tatu, kurasa nane, kwa ile bei yetu."

Niliketi. Nikasimama tena.

"Bei ni hamsini," nikasema.

"Hamsini nini?"

"Shilingi hamsini kila programu, kurasa nane, rangi."

Nilisema kwa sauti. Sitajidanganya kuhusu hilo. Kwa kawaida naongea chini, wateja huniomba nirudie. Siku hiyo sauti yangu ilifika mwisho wa korido, na mashine ya jirani, iliyokuwa inafanya kazi, ikanyamaza.

"Umepandisha bei kwa maiti?" Mweka hazina aliuliza, naye si mtu wa kunong'ona. "Ama umeokoka vibaya? Tumekuletea watu miaka yote hii!"

"Mmeniletea. Leta daftari la michango." Aliposita, nikarudia. Alilitoa mkobani. Nilihesabu shilingi elfu mbili nikaziweka juu yake. "Andika jina langu. Hiyo ni ya mwalimu. Ile hamsini ni ya kazi."

Aliandika, lakini alikuwa amekasirika, na kwa haki. Elfu mbili haikufidia hata theluthi ya kile nilichomwongezea. Alichukua flashi yake. "Ngoja niulize hapa mbele."

Alivuka hatua zile mbili. Niliona jirani akiinua kichwa na kunitafuta kwa macho kupitia vioo viwili. Niligeuka. Nikatoka, nikafuata korido hadi kwenye ngazi, nikashuka ngazi tano, nikasimama nimetazama ukuta. Sikutaka uso wangu uwe umesema kitu. Ningeweza kuapa popote kwamba sikumpa ishara. Hata hivyo nilijisikia kama mtu aliyeiba.

Mweka hazina alinikuta hapo.

"Ni hamsini na huyo pia," alisema. "Mmepatana?"

"Hatujapatana."

"Bei moja, siku moja, na hamjapatana?"

"Hatujaongea."

Alinitazama kama anavyowatazama watu wanaoleta risiti bila tarehe. "Basi kwa kuwa ni moja, nichapie wewe. Lakini si mia tatu. Mia moja na hamsini. Na utoe kurasa nne. Picha ya familia itoke, na wasifu uwe mfupi."

Nilichapa mchana ule. Wasifu wa mwalimu niliusoma, maana wasifu si barua ya siri. Ulikuwa na shule alizofundisha, tisa, na niliombwa kubakisha tatu. Nilibakisha tatu. Mwaka wa kuzaliwa niliukagua mara mbili dhidi ya karatasi waliyonipa, kisha mara ya tatu. Programu mia moja na hamsini kwa mazishi ya mwalimu wa shule tisa. Wengi wangesimama pale bila kitu mkononi, na kama mchungaji angekosea, sijui ni wangapi wangegundua.

Kesho yake asubuhi, karatasi ya kwenye kioo cha jirani ilikuwa imebadilishwa. FOTOKOPI BOB 3. Kalamu ile ile nene.

Yangu ilikuwa imeshuka hadi mbili katika wiki zile za mashindano. Nilikuwa nimeshatoa kalamu kwenye droo, nimeshaondoa kifuniko. Nilimwona akipanga karatasi kwenye mashine yake bila kunitazama, kwa bidii ya mtu asiyetazama makusudi. Nikarudisha kifuniko. Nilijiambia nitangoja hadi saa sita mchana, ili isionekane kwamba mmoja anamfuata mwingine. Kisha nikaona saa sita ni karibu mno, nikajiambia jioni. Wateja walivuka korido kuja kwangu wakilalamika kwamba kule sasa ni tatu, nikawatoza mbili, na foleni, kwa mara ya kwanza baada ya majuma, ikawa yangu.

Saa nane jirani alisimama mlangoni kwangu.

"Wakili," alisema, "unangoja nini?"

Jibu lolote lingekuwa mapatano. Niliendelea kutoa nakala kwa shilingi mbili, kwa hasara ya senti ishirini kila moja, kalamu ikiwa mfukoni mwa shati, nikitazama saa iliyoko juu ya mlango wake, maana yangu iliharibika zamani na siku zote nimekuwa nikisoma ya kwake.